Kujiamini Kwenye Kona ni Jambo la Kufundishwa

Ajali nyingi za pikipiki zisizohusisha chombo kingine hufuata mtiririko mmoja. Mwendeshaji anaingia kwenye kona kwa mwendo anaouona wa kawaida. Akifika katikati anahisi kona inakaza kuliko alivyodhani. Mwili unakakamaa, mkono unafunga mafuta ghafla, mguu unakanyaga breki ya nyuma, na macho yanaganda kwenye mtaro au kwenye lori linalokuja. Pikipiki inainuka, inaacha mstari wake na kutoka nje ya barabara, au inaingia upande wa wanaokuja. Mara nyingi kona hiyo ingepitika kwa mwendo ule ule, kwa kuwa matairi yalikuwa bado yana uwezo wa kushika lami na chombo kingeweza kulala zaidi. Kilichofika ukingoni mapema ni uwezo wa mtu aliyekishika.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, pamoja na uchambuzi wa ripoti 3,600 za polisi. Takriban robo ya ajali hizo ilihusisha pikipiki peke yake, na katika theluthi mbili hivi za kundi hilo kosa la mwendeshaji ndilo lililoanzisha ajali: ama alifunga breki kupita kiasi akateleza, ama alitanuka kwenye kona kwa sababu ya mwendo mkubwa au kwa kutoilaza pikipiki vya kutosha. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki.

Takwimu hizo ni za Marekani na ni za zamani, lakini njia ya kujifunza zinayoieleza ndiyo njia kuu katika Afrika Mashariki leo. Kijana anafundishwa na rafiki jioni moja: klachi, gia, mafuta, breki. Akiweza kuondoka bila kuzimisha injini na kusimama bila kuanguka, amehitimu. Kona anaachiwa aijue mwenyewe, kwa miaka na kwa makovu. Makala haya yanatetea utaratibu mwingine. Kujiamini kwenye kona ni ujuzi wenye sehemu zinazojulikana, na kila sehemu inaweza kutengwa, kufundishwa peke yake na kupimwa kabla mtu hajapanda mlima akiwa na abiria mgongoni.

Gari hugeuka kwa kuelekeza magurudumu, na pikipiki hugeuka kwa kulala. Inapopita kwenye mduara, msuguano kati ya tairi na barabara huisukuma kuelekea katikati ya mduara huo, huku uzito wake ukiivuta chini. Ili isiangukie nje, lazima ilale kwa ndani mpaka kani hizo zilingane. Ukiacha nyuzi chache zinazoletwa na upana wa tairi na mkao wa waliopanda, kiasi cha kulala hutegemea mambo mawili tu: mwendo, na nusukipenyo cha kona, yaani umbali kutoka katikati ya mduara hadi pale tairi linapopita. Ukubwa wa injini na bei ya chombo haviingii katika hesabu hiyo, wala miaka ya dereva barabarani.

Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 60, ambayo kwenye barabara ya milimani ni kona ya kawaida. Kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inahitaji kulala nyuzi 18 kutoka wima. Kwa kilomita 60 inahitaji nyuzi 25, na kwa kilomita 72 inahitaji nyuzi 34. Mwendo haujaongezeka hata kwa nusu, lakini mlalo umekaribia kuwa mara mbili. Sababu ni kwamba kani inayohitajika hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, kani huwa mara nne. Ndiyo maana tofauti ya kilomita 10, isiyohisika kwenye barabara iliyonyooka, hugeuka kuwa tofauti kubwa ndani ya kona.

Hapo ndipo mwili wa binadamu unapopingana na chombo. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Bernt Spiegel, aliyeandika kwa kina juu ya uhusiano wa mwendeshaji na pikipiki, aliuweka mpaka wa asili wa kulala kwenye nyuzi 20 hivi. Huo ndio mlalo ambao mtu hujifunza kuuamini tangu utotoni, anapokimbia kwa miguu na kukata kona bila kuteleza. Ukizidi hapo, mwili hutoa onyo kwamba anguko linakuja. Pikipiki yenye matairi mazuri kwenye lami kavu inaweza kuvuka mpaka huo bila shida yoyote, lakini onyo la mwili halijui habari za matairi. Rudi sasa kwenye kona yetu ya mita 60. Kwa kilomita 50 mwendeshaji asiyefundishwa yuko ndani ya mpaka na amestarehe. Kwa kilomita 60 ameuvuka, na mwili wake unaanza kukataa kulala wakati ambapo kulala ndiyo njia pekee ya kubaki barabarani. Kumwambia mtu huyo ajiamini hakubadilishi kitu. Anachohitaji ni kuuvuka mpaka huo mara nyingi, mahali ambapo kukosea hakuui.

Swali linalofuata ni jinsi pikipiki inavyolazwa. Ikishapita mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, anayetaka kwenda kushoto husukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Kwa muda mfupi mno tairi la mbele huelekea kulia, sehemu ya chini ya chombo huhamia kulia, na sehemu ya juu huangukia kushoto. Mlalo ukishapatikana, tairi hujielekeza lenyewe kwenye kona. Kila anayeendesha baiskeli hufanya hivyo bila kujua. Wilbur Wright, aliyetengeneza baiskeli na nduguye kabla ya kutengeneza ndege, aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyogeuka kushoto, akakuta hakuna aliyeeleza kwa usahihi mara ya kwanza alipoulizwa.

Kutojua huko hakuna madhara barabara ikiwa tulivu. Madhara huja pale kona inapokaza ghafla au ng'ombe anapoingia barabarani, kwa sababu mtu hawezi kuuagiza kwa makusudi ujuzi ambao hajui kuwa anao. Anayeamini kwamba pikipiki hugeuzwa kwa kuegemeza mwili atauegemeza na kusubiri. Anayeamini kwamba usukani huelekezwa unakokwenda ataugeuzia huko, na pikipiki itamvuta upande wa pili. Ripoti ya Hurt ilieleza kwamba katika ajali ilizochunguza, uwezo wa kusukuma usukani ili kukwepa karibu haukuwepo kabisa, na kwamba kwa kawaida mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kufanya lolote. Katika sekunde 2 mtu hutumia kile tu ambacho mikono imeshakizoea.

Mkufunzi wa Marekani Keith Code, aliyeanzisha California Superbike School mwaka 1980, alitengeneza kifaa cha kuonyesha jambo hili. Ni pikipiki yenye mikono miwili ya ziada iliyofungwa kwenye fremu, isiyogeuza tairi, ikiwa na mkono wake wa mafuta. Mwanafunzi akishika mikono hiyo na kujaribu kugeuza chombo kwa mwili peke yake, pikipiki huyumba kidogo tu na kuendelea mbele. Baada ya hapo hana sababu ya kubishana na maelezo ya mwalimu. Amehisi kwamba kinachoilaza pikipiki ni mkono kwenye usukani, na kwamba akisukuma zaidi italala zaidi.

Kulala kunahitaji msuguano, na msuguano una kikomo. Kwenye lami kavu, tairi zuri linaweza kutoa kani ya pembeni inayofika takriban asilimia 80 ya uzito unaolikalia. Kona yetu ya mita 60 kwa kilomita 60 inahitaji asilimia 47 ya uzito, yaani kama asilimia 60 ya uwezo wa tairi. Kinachobaki kwa ajili ya breki si asilimia 40 kama hesabu ya haraka ingedai. Kani za pembeni na za mbele hujumlishwa kwa pembe mraba, kwa hiyo bado karibu asilimia 80 ya uwezo wa kusimama ipo, mradi breki ibanwe polepole na kwa kuongezwa. Akiba hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lakini mwaga changarawe juu ya lami hiyo na msuguano unaweza kushuka hadi nusu yake, na kona ile ile kwa mwendo ule ule inakuwa imekula kila kitu. Kwa hiyo mwendeshaji anayeijua hesabu hii hana haja ya kuogopa kila kona. Anatafuta mchanga, mafuta yaliyomwagika, majani mabichi na matope yaliyoachwa na trekta, na huamua mwendo wake kabla ya kuvifikia.

Mafuta nayo yana kazi katika kona. Mkono unapofungwa ghafla, uzito hukimbilia mbele, shokapu za mbele hushuka, tairi la nyuma hupungukiwa na uzito na pikipiki hutikisika mahali ambapo ilihitaji utulivu. Mkono unapofunguliwa kidogo kidogo tangu mlalo unapokamilika mpaka kona inapoisha, uzito hugawanyika vizuri kati ya magurudumu na chombo hushika mstari wake. Kwa maana hiyo, desturi ya kuteremka milima bila gia ili kuokoa mafuta hunyima vitu viwili kwa pamoja: breki ya injini kabla ya kona, na mkono wa mafuta ndani ya kona. Kinachookolewa ni senti chache.

Kuna pia imani iliyoenea vijiweni kwamba breki ya mbele inaangusha. Ina ukweli ndani yake, maana ukiibana ghafla kwenye changarawe au usukani ukiwa umegeuzwa, inaweza kukuangusha kweli. Tatizo ni kuuchukua ukweli wa mahali pamoja na kuutumia kila mahali. Pikipiki inapopunguza mwendo barabara ikiwa imenyooka, uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo linaloweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Anayeiacha breki hiyo hupunguza mwendo kwa breki ya nyuma peke yake, hufika kwenye kona akiwa bado na mwendo mkubwa, na hulazimika kuendelea kukanyaga breki hiyo hiyo akiwa amelala. Tairi la nyuma linafunga na kuteleza, na anaangushwa na breki aliyoitegemea imwokoe.

Sehemu ya mwisho ya ujuzi huu ni macho. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee walichapisha utafiti wa mahali ambapo madereva wa magari hutazama wakiwa kwenye barabara yenye kona nyingi. Walikuta kwamba macho huenda kwenye ukingo wa ndani wa kona sekunde 1 hadi 2 kabla ya kuifikia, na kwamba usukani hufuata macho. Pikipiki hufuata macho vivyo hivyo, na hofu ndiyo inayoyateka. Mtu aliyeshtuka hukitazama kile anachokiogopa, iwe shimo, nguzo au lori, na mikono humpeleka huko huko. Katika kitabu chake cha mwaka 1993, Code aliyapanga matendo haya ya hofu kama kundi moja: kufunga mafuta, kubana mikono, kuganda kwa macho, kufunga breki kupita kiasi, kushindwa kusukuma usukani. Kila moja linaonekana kumlinda mtu, na kila moja humtoa kwenye kona. Mafunzo hayawezi kuifuta hofu. Yanaweza kuupa mwili tendo jingine la kufanya hofu inapokuja, na tendo hilo hujengwa kwa kurudia.

Kurudia huko kufanyike wapi? Hesabu ya mlalo ina habari njema kwa mwalimu asiye na fedha. Mduara wenye nusukipenyo cha mita 10, ukizungukwa kwa kilomita 20 kwa saa, unadai mlalo wa nyuzi 17. Ukizungukwa kwa kilomita 25, unadai nyuzi 26. Mlalo huo wa pili unakaribiana na ule wa kona ya mita 60 kwa kilomita 60. Mpaka wa nyuzi 20, ambao barabarani huvukwa kwa mwendo unaoweza kuua, unaweza kuvukwa kwenye uwanja mgumu wa shule kwa mwendo wa baiskeli inayokimbia. Anayekosea huko huchubuka. Hakuna lori linalokuja wala korongo pembeni, na mwalimu yuko hatua chache kutoka kwake.

Kozi nzuri ya kona inafuata mpangilio unaotokana na yote haya. Siku ya kwanza mwanafunzi hafundishwi kona hata kidogo. Anafundishwa kusimama: breki zote mbili, barabara iliyonyooka, kuibana ya mbele kwa kuongeza, mpaka imani kwamba inaangusha imeisha mikononi mwake. Kisha anajifunza kusukuma usukani, akipita kati ya koni au makopo ya rangi yaliyopangwa mstari mmoja na kusema kwa sauti mkono anaousukuma. Baada ya hapo unakuja mduara, kwanza mkubwa na wa polepole, halafu unaopunguzwa, pande zote mbili, kwa kuwa karibu kila mtu ana upande anaouogopa zaidi. Macho hufundishwa kwenye mduara huo huo: mwalimu anasimama upande wa pili na kuinua vidole, na mwanafunzi anavihesabu akiwa anazunguka.

Hatua hizo zikishakaa, zinaunganishwa. Motorcycle Safety Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwafundisha wanaoanza mfuatano wa vitendo vinne: punguza mwendo, tazama unakotoka, sukuma usukani, fungua mafuta taratibu. Thamani ya mfuatano huo ni kwamba hofu inapomjia mtu katikati ya kona, kuna swali moja tu lenye jibu: niko hatua gani? Kila zoezi liwe na lengo moja na kosa moja la kurekebisha. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi mambo matano kwa wakati mmoja hajamwambia kitu, kwa kuwa akili ya mtu aliye juu ya pikipiki ina nafasi ya jambo moja jipya. Anayetazama pia ana kazi. Mwendeshaji hawezi kujua mwenyewe kwamba mabega yamekakamaa au kwamba alifunga mafuta nusu sekunde mapema. Simu ya mwenzake iliyorekodi mizunguko mitatu itamwonyesha.

Uwanja hufundisha mikono na macho, lakini haufundishi mwendo wa kuingilia kwenye kona isiyoonekana mwisho wake. Hilo linahitaji barabara, na kanuni. Kitabu cha mafunzo cha polisi wa Uingereza, Roadcraft, kilichotolewa kwa umma tangu mwaka 1955, kinaijenga kanuni hiyo juu ya mahali pa mwisho panapoonekana, yaani pale ambapo kingo mbili za barabara huonekana kukutana. Ukiona mahali hapo panakujia, kona inakaza na mwendo wako ni mkubwa. Ukiona panasogea mbele kwa kasi yako, mwendo unafaa. Pakikimbia mbele yako, kona inafunguka. Juu ya yote hayo kuna sharti moja: uweze kusimama, upande wako wa barabara, ndani ya umbali unaouona kuwa uko wazi.

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, katika milima ya Usambara, inatosha kuonyesha uzito wa sharti hilo. Ni takriban kilomita 33, nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na kuna kona ambazo macho hayavuki mita 25. Kwa kilomita 40 kwa saa, mtu mwenye sekunde 1 ya kutambua na breki za wastani husimama ndani ya mita 24 kwenye lami kavu iliyo tambarare. Kwa kilomita 60 anahitaji kama mita 45, na kwenye mteremko anahitaji zaidi. Anayeingia kona hiyo kwa kilomita 60 akiwa na ustadi wote wa kulala bado ameahidi kitu asichoweza kukitimiza iwapo gari limeharibika mbele. Ustadi wa kulaza chombo hauwezi kuongeza umbali wa kuona.

Mahali pa kupita napo pana hesabu yake. Panapoendeshwa kushoto, anayekata kona ya kulia akiukumbatia mstari wa kati ameweka matairi yake upande halali, lakini kwa mlalo wa nyuzi 25 kichwa chake kimevuka mstari huo kwa zaidi ya nusu mita, mahali ambapo kioo cha lori hupita. Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, hatari hiyo iko kwenye kona ya kushoto. Mwendeshaji aliyefundishwa huingia akiwa amepanua umbali wake kutoka mstari wa kati na huchelewa kugeuka mpaka aone njia ya kutokea.

Haya yote huwa magumu zaidi kwa dereva wa bodaboda, na ndiye anayeyahitaji zaidi. Habebi mwili wake peke yake. Gunia la viazi au abiria wawili hushusha shokapu za nyuma, huleta vikanyagio karibu na lami na hupunguza mlalo unaowezekana kabla chuma hakijagusa chini. Abiria anayeinamia nje kwa woga huhamisha uzito, na hulazimisha chombo kilale zaidi ili kipite kona ile ile. Kwa hiyo kozi ya bodaboda isiyomweka mwanafunzi kwenye mduara akiwa na mfuko wa mchanga wa kilo 60 nyuma yake imemfundisha kuendesha pikipiki nyingine, siyo ile ya kazi yake. Na sentensi moja kwa abiria kabla ya kuondoka, kwamba atazame juu ya bega la dereva upande wa kona na atulie, ni sehemu ya ujuzi huu.

Tanzania ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na huko Kampala kampuni ya SafeBoda, iliyoanza mwaka 2014, ilifanya mafunzo ya madereva kuwa sehemu ya huduma yake. Sheria na kampuni zinaweza kufungua mlango, lakini kizuizi cha kila siku kiko mfukoni. Dereva anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku hawezi kuacha kazi wiki nzima. Mafunzo yanayomfaa ni yale yanayokwenda kijiweni: saa mbili za mchana ambapo wateja ni wachache, kwa vikundi vidogo, wiki baada ya wiki, kwenye uwanja wa karibu. Kurudia kwa nafasi ndiko kunakokaza ujuzi wa mikono, kwa hiyo mpangilio unaoifaa mifuko ya madereva ndio pia unaofaa kwa kujifunza.

Lazima pia isemwe wazi kwamba mafunzo yanaweza kudhuru. Mwaka 1979 Norway ilianza kuwalazimisha madereva wapya wa magari kufundishwa kuendesha kwenye barabara zenye utelezi. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba vijana wa kiume walipata ajali zaidi, kwa kuwa walitoka wakiamini kwamba wanaweza kuumudu utelezi, na wakaongeza mwendo. Mwaka 2010 mapitio ya mtandao wa Cochrane yalipitia tafiti 23 za mafunzo ya pikipiki na hayakupata ushahidi imara wa aina moja ya mafunzo inayopunguza ajali. Mwenye nia njema anayeanzisha kozi anapaswa kuyasoma matokeo hayo kama maelekezo. Kozi inayomwacha mwanafunzi na hisia ya uwezo bila kipimo cha uwezo huo inamwongezea mwendo tu.

Kwa sababu hiyo kipimo cha mafunzo ya kona kiwe kile mhitimu anachokiacha bila kutumia. Aingie kona polepole kuliko alivyokuwa akiingia, alale bila kukakamaa, atoke akiongeza mafuta, na wakati wowote aweze kueleza ana akiba gani ya mlalo, ya msuguano na ya umbali wa kusimama. Mkufunzi amtahini kwa maswali hayo barabarani, kwenye kona ambazo hajawahi kuzipita, na amnyime cheti anayezipita kwa kasi bila kuweza kujibu. Barabara nazo zina deni lao: changarawe ifagiliwe, alama za kona zirudishwe, vizuizi viwekwe kwenye korongo. Lakini barabara ikitengenezwa au isipotengenezwa, kijana atapanda mlima kesho asubuhi na mzigo nyuma yake. Uwanja mgumu, makopo kumi, mfuko wa mchanga na mtu anayejua cha kutazama vinapatikana karibu kila wilaya. Halmashauri, vyama vya bodaboda na wamiliki wa pikipiki wanaweza kuanza na hivyo mwezi huu, na gharama yake kwa dereva mmoja ni ndogo kuliko ya plasta moja ya mguu.